Uzoefu wangu: fundi cherehani kwenye maonyesho ya picha za zamani, Mji Mkongwe

Kama hujawahi kuingia kwenye maonyesho ya sanaa kwa kudhani ni mambo ya wasomi na watalii, anza na picha za zamani za mji unaoujua. Naandika haya kwa ajili ya mtu wa kazi za mikono kama mimi, ambaye hakusomea sanaa na hajui asimame wapi wala atazame nini.

Nashona nguo Kariakoo. Nilivuka kwenda Unguja kwa shughuli ya harusi, alasiri moja nikawa sina kazi, mwenyeji wangu akanielekeza kwenye nyumba moja ya Shangani iliyotundikwa picha za Zanzibar, kuanzia enzi za masultani wa karne ya 19 mpaka karibu na Mapinduzi ya 1964. Jina la nyumba naliacha, maana nina malalamiko nitakayoyasema huko mbele. Kuingia ni bure. Mlangoni yupo kijana anayewapokea watu vizuri sana; aliniamkia, akaniuliza mama umetoka wapi, akaniacha nitembee kwa nafasi yangu.

Mwanzoni picha zote zilifanana machoni pangu. Nyeusi na nyeupe, watu wamesimama wima, hakuna anayecheka. Nikapita ukuta wa kwanza wote bila kushika kitu. Nilichofanya baada ya hapo ndicho ninachokushauri: niliacha kutafuta "sanaa" nikaanza kutazama nguo, kwa sababu nguo nazijua.

Picha iliyonisimamisha ni ya mwanamke kijana ndani ya studio, nyuma yake pazia lililochorwa nguzo na maua, kavaa kanga mbili, moja kaifunga kifuani na nyingine kaitupia mabegani. Sogea karibu utaona kwenye kanga ya chini mistari miwili iliyonyooka, ya kulala na ya kusimama. Hiyo ni mikunjo ya dukani. Kitambaa kikishaloweshwa na kuvaliwa mikunjo ile hupotea. Kwa hiyo kanga yake ilikuwa mpya kabisa, imefunguliwa siku hiyo hiyo kwa ajili ya picha. Nilikaa hapo muda mrefu. Huyu mwanamke alijiandaa, au kuna mtu aliyemwandaa, na hilo limeandikwa kwenye kitambaa na wala si kwenye kibandiko cha ukutani.

Nakshi za kanga ile zilikuwa za kisutu, ile tunayoitafuta mpaka leo kwa ajili ya bibi harusi. Lakini kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, na pale nyekundu yote ilitoka nyeusi tii, hata ungedhani ni kitambaa kingine. Nikamwita kijana. Akanieleza kuwa dawa iliyopakwa kwenye vioo vya kupigia picha zamani ilikuwa haishiki rangi nyekundu, hivyo chochote chekundu kilitoka cheusi. Nami nikamweleza kwamba hapa pote penye weusi mzito, mwanangu, weka nyekundu ya damu akilini mwako, ndivyo alivyokuwa amevaa. Alisema alikuwa akiipita picha ile kila siku akidhani mwanamke yule amevaa nguo ya msiba. Tangu hapo kila picha niliyoiendea niliipaka rangi kichwani, na chumba kizima kikabadilika.

Upande wa pili kuna picha za wanawake wamevaa kaniki, ile nguo ya buluu iliyokolea mpaka inakaribia weusi, na wengine merikani, shuka nyeupe isiyo na nakshi iliyopewa jina la nchi ilikotoka. Hizo ndizo zilikuwa nguo za watumwa na wanyonge. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani waliiacha kaniki wakajinunulia kanga za rangi. Habari hiyo nilikuwa nimeisikia kwa mafundi wakubwa wangu, lakini kuziona nguo hizi mbili ukuta mmoja, hatua chache tu kati yake, kulinifanya nitafute kiti. Kanga mpya yenye mikunjo ya dukani ilikuwa na uzito mwingine sasa.

Wakati nimeketi akaja bibi mmoja wa mjini na mjukuu wake. Walisimama mbele ya picha ya mwanamke wa nyumba kubwa, mwenye barakoa usoni na suruali iliyobana chini ikiwa na marinda kwenye vifundo vya miguu. Bibi akamwambia mjukuu, "Yatazame marinda hayo, mshono wa mkono huo." Nilimwamkia, tukaanza kuzungumza. Alijua jinsi marinda yalivyokunjwa na kushikizwa kwa uzi kabla ya kushonwa, jambo ambalo sijawahi kulisoma popote. Ukipata mtu mzima wa mji wa kufuatana naye, usiende peke yako.

Chumba cha juu ni cha majengo na bandari. Sikukaa sana, ila nilijifunza jambo moja la kukisia mwaka wa picha. Tazama Beit el Ajaib, lile jumba kubwa la sultani linalotazama bahari. Jengo lilijengwa wakati wa Sultani Barghash, 1883, na mnara ulikuwa umesimama peke yake mbele yake. Mnara ule uliharibiwa Waingereza walipoupiga mji kwa mizinga Agosti 1896, na mwaka uliofuata ukajengwa mnara wa saa ulioshikana na jengo lenyewe. Kwa hiyo ukiona mnara umesimama peke yake mbele ya jengo, picha hiyo ni ya kabla ya mizinga ile; ukiuona umeshikana na jengo, ni ya baadaye. Baada ya kuambiwa hivyo nilizipanga picha zile mwenyewe, ipi ya mwanzo ipi ya baadaye, nikafurahi kama mtoto. Na inauma kuzitazama ukikumbuka kwamba sehemu kubwa ya jengo iliporomoka Desemba 2020.

Sasa malalamiko. La kwanza, maelezo yote ukutani ni ya Kiingereza. Yote. Hapa ni Unguja, picha ni za watu wa Unguja, na yule bibi aliyekuwa anajua kuliko vibandiko vyote ilibidi asomewe na mjukuu. La pili ni vioo vya fremu: alasiri jua linaingia madirishani na baadhi ya picha unajiona mwenyewe tu. Nenda asubuhi.

La tatu ndilo zito. Masultani wana majina yao kamili na miaka ya utawala. Wanawake wameandikwa "mwanamke wa Kiswahili", "msichana wa Zanzibar", basi. Najua kisa chake. Wapiga picha Wagoa, watu wa asili ya Goa kule India, kama A.C. Gomes, ndugu wa Coutinho na Pereira de Lord walifungua studio hapa, na picha nyingi za namna hii zilichapwa kuwa postikadi za kuuziwa abiria wa meli, na mnunuzi hakuwa na haja ya jina. Lakini leo tunaoingia si abiria wa meli. Kama jina halikuhifadhiwa, waandike kwamba halikuhifadhiwa, waandike amevaa kisutu kipya, waandike mshono. Kitabu cha wageni kipo karibu na ngazi, nami nimeyaandika humo kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa.

Nilipotoka kijana alinishauri nipite Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta, na huko nakwambia usikose. Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930 baada ya kufanya kazi kwa Gomes, na mwanawe Rohit akaendeleza kazi ya baba. Ni duka, unaingia tu, na kuta zimejaa picha za zamani za Unguja: majahazi, vichochoro, masultani, watu. Nilichokipenda ni kwamba picha unaweza kununua. Nilichukua moja ya wanawake barabarani, nguo zinapepea, mmoja ametikisika uso ukawa ukungu mtupu lakini upindo wa buibui lake umetoka mkali kabisa.

Nimeitundika juu ya cherehani yangu. Wateja wanaiuliza, na wanafunzi wangu wawili wameshaanza kubishana buibui lile lilikatwaje, maana ni la kamba, lile la zamani la kufunga kichwani, na wao wamezoea la kushonwa kama gauni. Nawapeleka Unguja baada ya msimu wa harusi. Tutaanza na ukuta wa kanga, saa tatu asubuhi kabla jua halijafika kwenye vioo, na yule bibi nimeshamwomba, amekubali kuja.