Cherehani ipi ununue kama unataka kujishonea magauni mwenyewe: nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho

Kama unataka kujishonea magauni kwa raha zako tu, sio biashara, sio kufungua ofisi ya ufundi, basi ukienda Kariakoo usiulize "cherehani nzuri ni ipi" maana muuzaji atakuonyesha ile anayotaka imtoke dukani. Jiulize mambo mawili. Hii mashine ikisumbua, fundi wa mtaani kwangu anaweza kuifungua? Na je, naweza kuiendesha taratibu kabisa? Gauni haliharibikii kwenye mshono ulionyooka jamani, linaharibikia shingoni, kwapani na kwenye zipu, sehemu ambazo unatakiwa kwenda tundu moja moja, yaani sindano ikichoma mara moja moja. Hayo mawili ndo nimetumia kuzipanga. Bei siweki kwa sababu zinabadilika kila siku.

Namba 1: cherehani nyeusi ya miguu. Butterfly, Singer ya zamani, na ndugu zao wote wa kichwa kile cheusi cha chuma. Najua kuna watakaosema hiyo ni ya bibi, lakini nisikilize kwanza. Mwendo wake ni miguu yako mwenyewe, ukitaka kushona tundu tatu usimame uzungushe kitambaa kwenye kona ya shingo inasimama hapo hapo, umeme ukikatika wewe unaendelea, na spea zake zimejaa kila mahali kwa sababu vichwa vingi vya aina hii vinafuata muundo mmoja wa zamani wa Singer, ule wa klasi 15, kwa hiyo bobini (kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini) na kesi ya bobini unapata hata duka dogo la nyuzi na vifungo. Fundi yeyote mtaani anaijua mpaka ndani. Ukiipaka mafuta na kuifuta vumbi, mashine hii mtu anamrithisha mwanae, na mshono wake wa kunyooka ni safi kuliko wa mashine nyingi mpya za plastiki, hilo nalisema bila kusita.

Shida zake zipo. Mwanzoni miguu inakusaliti, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika, hapo fanya mazoezi bila uzi kwenye kipande cha karatasi mpaka gurudumu lizoee kuja upande wako. Inakula nafasi. Na inashona mshono wa kunyooka peke yake, hamna zigizaga, kwa hiyo kingo za kitambaa ndani ya gauni zitachanika nyuzi usipozifanyia kitu. Kwa pamba nyepesi au shifoni fanya hivi: shona kwanza pande za ndani za kitambaa zikiwa zimegusana, punguza kingo, geuza, shona tena ili zile kingo zifungiwe ndani, inapendeza mno hata ukilivaa nje ndani hakuna atakayekucheka. Kwa kitenge kizito mpelekee fundi mwenye overlock, ile mashine ya kufunga kingo kwa nyuzi, akupitishie, ni hela ndogo.

Ya kuzungusha kwa mkono siipendekezi kwa magauni. Mkono mmoja uko kwenye mpini, mmoja uliobaki ndo uongoze kitambaa, sasa bega la mikono ya kupuliza utaliwekaje?

Namba 2: ya umeme ya nyumbani, ile ya kuchagua mshono kwa kuzungusha kitufe. Brother, Singer, Janome. Kwa anayekaa chumba cha kupanga au ghorofani hii inapanda namba moja, kwa sababu ukimaliza unaifunika unaiweka juu ya kabati. Ina zigizaga, inatoboa matundu ya vifungo, na kama unapenda magauni ya jezi yale ya kuvutika basi hii ndo yako, ile nyeusi mshono wake utakatika ukivaa. Umeme inakula kidogo. Usilipie hela ya ziada eti ina mishono 60, kwenye gauni utatumia kunyooka, zigizaga, tundu la kifungo na ule wa kuvutika, basi. Kinachostahili hela ni fremu ya chuma ndani, kanyagio linaloanza taratibu, na kesi ya bobini ambayo spea zake zinapatikana hapa hapa.

Halafu angalia volti, tafadhali sana. Mashine za mtumba kutoka Japani ni za volti 100 na za Marekani ni 120, umeme wetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja mota inaungua. Geuza mashine usome kile kibati mwenyewe, usikubali kuambiwa "inaingia tu".

Namba 3: ya kiwandani, aina ya Juki DDL-8700 au Jack. Mashine nzuri mno, kitambaa kinatembea chenyewe, lakini hiyo Juki inafika tundu 5,500 kwa dakika na wewe bado unajifunza kuweka zipu. Nunua kama unajua utashona karibu kila siku, na chukua yenye mota ya servo ambayo unaipunguza spidi, ile mota ya zamani inanguruma na kula umeme hata ukiwa hujakanyaga.

Namba 4: za kompyuta zenye skrini. Zinavutia, zinashona maua, sindano inasimama chini unapotaka. Ila ubao wake wa umeme ukifa na umeme wetu huu wa kupanda na kushuka, mafundi wa kuirekebisha ni wachache. Ukiinunua, weka na kifaa cha kulinda umeme.

Namba 5: vile vidogo vya plastiki vya betri vinavyotangazwa sana mtandaoni. Usinunue kwa gauni. Kitenge kikikunjwa mara nne kinashindwa, na vile vya kushika mkononi vinashona kwa uzi mmoja, ukivuta mwisho wake mshono wote unafumuka.

Siku ya kununua nenda na vipande vyako mwenyewe, cha kitenge na cha shifoni, usijaribu kwa kitambaa cha dukani kile kigumu kinachoficha mabaya. Weka uzi mwekundu juu na mweupe chini, shona, kisha angalia pande zote mbili: ukiona mwekundu umejikunja vitanzi chini, mwambie akaze uzi wa juu, akishindwa kuirekebisha mbele yako ondoka. Kunja kitenge mara nne upitishe. Zungusha gurudumu kwa mkono usikie kama kuna mahali panakwama, na shika ile nondo ya sindano uitikise, ikicheza imechoka.

Bakiza hela ya mkasi wa kitambaa ambao hautakata karatasi hata mara moja, na sindano za saizi tofauti: 14 kwa kitenge, 11 kwa pamba nyepesi, 9 kwa shifoni, na za ncha ya mviringo kwa jezi. Overlock yako mwenyewe acha kwanza, fundi wa jirani yupo.