Kipima oksijeni cha waya mfupi: miezi minne kwenye vizimba vya samaki vya Luchelele, Mwanza

"Mama, hiki kidude kinasema maji mazima, mbona samaki wanahema?"

Kijana wangu wa mtumbwi aliniuliza hivyo mwezi Julai, jua halijachomoza, tukiwa kwenye kizimba cha pili. Skrini ilisoma miligramu 5.0 kwa lita. Sato walikuwa wamejaa juu midomo wazi, na konzi ya chakula cha kuelea niliyorusha ilikuwa inacheza na mawimbi, hakuna anayeigusa.

Kipima hakikuwa kibovu. Kosa moja lilikuwa langu, la pili nalibebesha aliyeniuzia.

Nilikiagiza Dar kwa shilingi 640,000, kikaja na basi la usiku nikakipokea stendi ya Nyegezi. Ndani ya boksi: kipima chenyewe, kichwa cha kupimia chenye waya wa mita moja na nusu, vifuniko viwili vya utando (ngozi nyembamba inayopitisha oksijeni) na kichupa cha elektroliti, kimiminika cha kujaza ndani ya kifuniko. Kitabu ni Kiingereza na Kichina, herufi za sisimizi. Ndiyo maana ukurasa wa mwinuko niliuruka.

Usiuruke. Kiwandani kimesetiwa kama kitaishi pwani. Ziwa letu, Victoria, liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mgandamizo wa hewa ni mdogo na maji hushika oksijeni kidogo. Maji ya nyuzijoto 25 yaliyoshiba oksijeni yakiwa Dar hubeba kama miligramu 8.3 kwa lita. Hapa Mwanza ni kama 7.2. Mimi nilikuwa nakiseti hewani (kukipa namba ya kuanzia) kila asubuhi bila kukiambia niko wapi, nacho kikachukulia hewa ya Luchelele ni ya Kigamboni. Kila namba ilikuwa inazidi. Ile 5.0 kwa kweli ilikuwa 4.3 au 4.4. Sasa nimekiwekea mita 1,100, maana kinakwenda kwa hatua za mia mia, na tofauti hiyo ndogo inavumilika.

Lakini hata 4.3 haiwapandishi sato juu namna ile. Hapo ndipo tunafika kwenye waya.

Wavu wangu unashuka mita nne. Waya wa mita moja na nusu, toa unaoliwa na mkono na ukingo wa kizimba, unabaki kupima mita moja ya juu, pale upepo unapoyapiga maji na mwani unapotengeneza oksijeni mchana. Balaa la huku hutoka chini. Kuanzia Juni upepo wa kusini mashariki ukikaza, ziwa linajichanganya, na maji ya chini yaliyokaa muda mrefu bila hewa yanaweza kusukumwa mpaka ghubani. Muuzaji nilimwambia kabisa kwamba nafuga kwenye vizimba. Hakuniuliza kina.

Nilijaribu ujanja wa kuchota maji ya chini kwa chupa: jiwe, kamba mbili, kizibo cha kuvuta. Haufai. Ukimimina yale maji kwenye ndoo yanachota hewa hapo hapo, namba inapanda. Mwishowe nikaagiza kichwa chenye waya wa mita nne, shilingi 310,000 nyingine. Asubuhi ya kwanza kilisoma 5.1 juu, na mita tatu na nusu chini 2.6. Hatukulisha mpaka saa nne. Kwa kweli siku ile nilisamehe nusu ya bei.

Mazuri yake yapo. Ni cha galvaniki, yaani kichwa kinatengeneza umeme wake chenyewe, unawasha unapima, hakuna kungoja robo saa kipate moto kama vile vya polarografi, vinavyotaka kupewa umeme kwanza, tulivyofundishiwa chuoni. Skrini inasomeka juani. Kimedondoka mtumbwini mara mbili na bado kinafanya kazi.

Ila kinataka mkono. Kichwa cha galvaniki chenyewe kinakula oksijeni iliyo mbele ya utando, kwa hiyo ukikitumbukiza ukakiacha kimetulia, namba inateremka taratibu kana kwamba ziwa linakufa. Kitikise kama unakoroga uji wa mtoto, bila kutoa mapovu, mpaka namba itulie. Kijana wangu sasa anakoroga vizuri kuliko mimi. Vile vya kusoma kwa mwanga havina shida hii, lakini bei niliyotajiwa ilinifanya nikate simu.

Na utando: ukibadilisha, jaza elektroliti mpaka imwagike kidogo ndipo ufunge. Kiputo kimoja cha hewa kikibaki ndani, namba zitarukaruka siku nzima na utalaumu betri, kama mimi.

Nakipa nyota tatu. Ukitaka kununua, pima kwanza kina cha wavu wako kwa kamba yenye jiwe, kisha uulize urefu wa waya kabla ya kuuliza bei. Na agiza vifuniko vya utando mapema. Cha mwisho nimekifunga Jumapili, na muuzaji anasema haleti vingine mpaka wateja wafike kumi. Mpaka leo tuko wanne.