Kilengeo cha tundu kwa gobori la ukutani: fundi wa Langoni, nyota nne

Jamani kama una gobori la maonyesho na unataka kilengeo cha tundu, yani kile cha nyuma chenye kitundu cha kutazamia unapolenga, kinachoendana na zama zake, pitia kwanza kwa fundi wa fedha na shaba hapa Langoni, Lamu, kabla hujatuma pesa zako mtandaoni. Langu halipigi, mtutu umezibwa, liko ukutani pale wageni wangu wanaponywea kahawa, lakini kuna wageni wanaozijua bunduki hasa na jicho lao huenda moja kwa moja pale nyuma ya mtutu.

Mtandaoni vingi vinavyoitwa vya kale ni vile vya Kimarekani, vinafungwa pale mtutu unapoingia kwenye mti wa kitako, vina mguu mrefu wa kusimama na kulala, skrubu ya kupandisha tundu na mistari midogo midogo ya vipimo. Ni kazi nzuri sikatai, na ni ya kale kweli, ila hiyo kale ni ya miaka ya 1870 huko, watu wanashindana shabaha za mbali. Creedmoor karibu na New York mwaka 1874 walipiga yadi 800, 900 mpaka 1,000, Wamarekani na bunduki za kujaza nyuma, Waairishi na za fundi wao Rigby za kushindilia mdomoni, yani magobori kabisa, na Waairishi wakashindwa kwa pointi 3 tu, 934 kwa 931. Ndo uchukue mtambo ule uuweke kwenye gumegume, bunduki ya kuwasha kwa jiwe, ya wakati ngome yetu ya Lamu inamalizwa, 1821? Mwenye kujua atacheka tu.

Na si kila gobori linataka kilengeo cha nyuma. Zile za askari wa Kiingereza, Brown Bess, nyuma hazina kitu, mbele kuna kijichuma tu na hicho nacho kazi yake nyingine ni kushika singe, kile kisu cha mdomoni mwa bunduki. Kama lako limeigwa hizo basi liache hivyo hivyo, usilitoboe bure.

Langu limefuata umbo la Kituruki, mtutu wa pembe nane, na Waturuki walikuwa na jibu lao zamani sana: kibamba kimesimama mwanzo wa mtutu karibu na jicho, kina matundu yamepangwa juu kwa juu, la chini kwa kitu cha karibu, la juu kwa cha mbali. Hakuna skrubu hakuna nini. Unachagua tundu lako, unatazama ndani, jicho lenyewe linatafuta katikati, wewe unashughulika na ncha ya mbele tu. Tundu dogo linakuonyesha ile ncha vizuri zaidi lakini linakula mwanga, magharibi ikikaribia huoni kitu.

Nikampelekea fundi picha kwenye simu. Akataka shaba, ati ing'ae, wageni wapende. Nikamwambia mzee wangu hiki nakitaka cha chuma, akanung'unika kidogo akakubali, akakata kipande akakipiga tupa kwa mkono mpaka kikakaa sawasawa na mgongo wa mtutu. Hapo ndipo namsifu hasa, maana kingo hazikunyooka kama za mashine, ukipitisha kidole unaisikia tupa, na hakutoboa mtutu, alikishika kwa lehemu kwa hivyo siku nikitaka kukitoa natia moto tu. Rangi nayo aliiua kwa mafuta na moto, hakupaka rangi ya kopo kama wengine.

Nyota moja naipunguza kwa sababu tundu la juu limeenda kushoto kidogo, ukisimama mbele unaliona, na ukimwonyesha anakwambia hata Waturuki hawakuwa na rula. Kesho yake pia usiiamini, kesho ya fundi unaijua mwenyewe. Nililipa shilingi 2,500 kwa M-Pesa, nafuu mno ukifikiria usafiri na ushuru wa kile cha mtandaoni. Ijumaa usiende, na umpelekee kipimo cha upana wa mtutu kwenye karatasi maana picha peke yake atakisia, na bunduki yenyewe usiibebe barabarani hata kama imezibwa, mwite aje kupima nyumbani, anakuja.