GrandOrgue: kinanda cha mabomba ndani ya laptopu

Wapiga vinanda wa makanisani, kama mmechoka na ile sauti moja ya kinanda iliyomo kwenye kebodi zetu, pakueni GrandOrgue. Ni programu ya bure, inakubali Windows, Linux na Mac. Ukiichomeka kebodi yako kwa waya wa midi (unaopeleka kwenye kompyuta noti unazobonyeza), unapiga sauti zilizorekodiwa kwenye vinanda halisi vya mabomba. Seti za sauti zinapakuliwa kando. Zipo za bure na za kulipia.

Kinachomchanganya mgeni ni majina. Unafungua, kioo kimejaa vitufe vya kuchagulia sauti: Gedackt 8', Bourdon 16', Principal 4', Vox humana. Programu haikufafanulii hata kimoja. Zile namba ni futi: 8' maana yake bomba la noti ya chini kabisa, likiwa wazi juu, lina urefu wa kama mita 2.4, na unasikia noti ileile uliyobonyeza. 16' inashuka okteva moja, 4' inapanda okteva moja. Gedackt ni Kijerumani, "lililofunikwa". Bomba likizibwa juu huimba okteva moja chini ya urefu wake, kwa hiyo Gedackt 8' inatosheka na bomba la futi 4 tu. Fundi anaokoa nafasi na malighafi, na sauti inatoka laini, haimfuniki mwimbaji. Wimbo wa katikati siku hizi naupigia hiyo hiyo.

Bourdon ni Kifaransa, mvumo mzito usiokatika. Hapo spika za laptopu hazifui dafu, vaa hedfoni au tafuta spika kubwa.

Halafu kuna Vox humana, Kilatini, "sauti ya binadamu". Niliiwasha mazoezini pamoja na kitetemeshi (kitufe cha kutetemesha sauti), mzee mmoja wa besi akadakia: "Mwalimu, huyo mbuzi katoka wapi?" Kwa kweli peke yake haifai. Ichanganye na Gedackt, uipige taratibu, wakati wa komunyo, utaipenda.

Seti kubwa zinakula memori sana, kwa hiyo mwenye laptopu ya GB 4 aanze na ndogo. Kwenye Windows, sauti ikichelewa nyuma ya kidole, jaribu dereva nyingine ya sauti, isiyochelewesha sana.

Nyota nne. Ya tano ningeitoa kama ukigusa jina la kitufe ungeletewa maana yake.