Mombo–Lushoto: barabara naipa nyota nne, mitaro yake moja

Nimeolewa Usambara, huu mwaka wa sita. Kila nikienda kwa wakwe napita njia hii, mara tatu au nne kwa mwaka, kiangazi na masika. Naona wengi wanaoitolea maoni wameipanda mara moja tu, Desemba, wamepiga picha za ukungu, wamelalamikia wembamba wa lami, wameshuka. Mimi nimeipanda na mimba ya miezi saba, nimeishuka nikiwa nimekalia gunia la karoti, na usiku mmoja nimelala Soni bila kupenda. Haya basi ni maoni ya mteja wa kudumu.

Kwa asiyeijua: unashukia Mombo, kwenye barabara kuu ya Dar kwenda Arusha, ukishapita Korogwe. Hapo ni joto, mkonge na mashamba ya mpunga. Ukikata kulia unaiacha tambarare na kuingia milima ya Usambara Magharibi, kama kilomita 33 mpaka Lushoto mjini, Soni ikiwa katikati. Mombo iko mita mia nne na ushei kutoka usawa wa bahari, Lushoto kama 1,400. Kimo cha kilomita nzima unakipanda ndani ya saa moja hivi. Masikio yanaziba. Meza mate, yatazibuka.

Lawama ya kwanza ni ya Mombo yenyewe, wala haihusu lami. "Lushoto Lushoto, siti mbili tu tunaondoka!" Siti mbili hizo nimewahi kuzisubiri saa moja na robo. Wewe umeshakaa, mkoba uko mapajani, jasho linatiririka, na konda anazidi kutangaza siti mbili zilezile huku watu sita wakiingia. Ukiuliza unaambiwa, "Dada, si unaona tunaondoka?" Injini inanguruma, gari linasogea hatua tano mbele, linarudi nyuma hatua tano. Wenyeji hawahangaiki. Wanakwenda kunywa chai, wanarudi gari likiwa limejaa kweli. Nilichukua miaka miwili kujifunza hilo.

Tazama juu ya keria wakati unasubiri. Vinavyopanda ni mabati, saruji, chumvi, dagaa, nazi za Tanga, mbolea. Vinavyoshuka ni kabichi, karoti, viazi, hoho, nyanya, na msimu ukifika, plamsi na pichesi. Hapo ndipo utaelewa kwamba wateja wakubwa wa barabara hii si sisi abiria. Ni mboga. Kabichi uliyokula Dar wiki hii ina uwezekano mkubwa imepita kona hizi usiku, juu ya Fuso, kwenye gunia la lumbesa.

Kona sasa. Tumbo likiwa jepesi, omba siti ya mbele, nyuma ya dereva, na utazame mbali, usitazame simu. Zamani konda alikuwa na fungu la mifuko ya rambo mfukoni, akiona mtu amebadilika rangi anampa mmoja bila maneno. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, kila mtu ajibebee. Nimeshuhudia kijana msafi wa shati jeupe akitapikia kofia yake. Usicheke, njia ni ndefu na zamu yako inaweza kufika.

Sifa ya kwanza naipeleka kwa madereva wa huko. Lami kweli ni nyembamba, na kuna mahali magari mawili makubwa hayapishani mpaka moja lijibanze ukutani. Lakini wana adabu yao. Kabla ya kona, honi. Anayeshuka akikutana na anayepanda na mzigo, anayeshuka ndiye anayesimama, kwa sababu gari la mzigo likikata mwendo mlimani kuliondoa tena ni kazi. Mara ya mwisho tulikutana na Fuso mahali pabaya. Utingo wao akaruka chini, akakunja kioo cha pembeni cha gari lao, akaja akakunja na chetu, akawa anapiga bodi kwa kiganja: "Njoo. Njoo. Njoo taratibu. Hapohapo!" Kati ya bodi na bodi palibaki upana wa kiganja hicho. Na katikati ya pumzi zetu zilizokatika, dereva wetu na yule wa Fuso, madirisha yakiwa uso kwa uso, wakasalimiana kwa Kisambaa: "Onga mshi." Wakaulizana habari za nyumbani kwa kituo. Bibi aliyekaa pembeni yangu hakuamka.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema tatizo la Mombo–Lushoto ni wembamba, nakataa. Wembamba umezoeleka, watu wameuwekea utaratibu. Tatizo ni maji.

Barabara hii imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja una ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili una bonde. Mvua ikinyesha, maji yanatoka juu mashambani, yanateremka ukutani, na yanatakiwa yaingie kwenye mtaro, yafuate mtaro mpaka kwenye kalavati, yapite chini ya barabara na kutokea upande wa bonde. Mtaro ukijaa udongo, majani ya migomba na chupa za soda, maji yanapanda juu ya lami na kuvuka yanapotaka. Wengi wanayaogopa kwa utelezi tu, lakini utelezi ni jambo dogo. Maji yakishavuka yanaanguka ukingoni upande wa bonde na kula udongo kwa chini. Lami inabaki inaning'inia kama rafu isiyo na miguu. Kwa juu inang'aa, mkeka safi. Siku moja linapita gari la viazi.

Kuna mzee ana kibanda chini kidogo ya Soni, anauza mahindi ya kuchoma, miwa na vocha. Kila asubuhi kabla hajawasha jiko anashika jembe na kuzibua mtaro ulio mbele ya kibanda chake, hatua kama ishirini tu. Shuka kwenye gari uone mwenyewe, maana hii ndiyo picha ambayo wapiga picha hawaipigi. Kwenye hatua zake ishirini, ukingo wa lami umenyooka kama umekatwa na rula. Hatua ya ishirini na moja, umetafunwa kama mkate uliopitiwa na panya. Lami ni ileile, mvua ni ileile, Fuso ni zilezile. Nilimuuliza, "Shikamoo mzee. Unalipwa kwa kazi hii?" Akasema, "Marahaba. Nalipwa na kibanda, mwanangu. Nikiacha maji yapite hapa, kesho nitakiulizia Mombo."

Usiku wangu wa Soni ulikuwa Aprili, mwaka juzi. Tulifika saa kumi na nusu jioni, tukakuta magari yamepanga foleni. Mbele, upande wa kwenda Lushoto, ukuta ulikuwa umeshuka na kuikalia barabara, udongo na mawe na mgrivea mzima umelala na mizizi yake. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Konda akarudisha nusu ya nauli bila kugombana, nikamwekea nyota moja hapohapo moyoni. Ndani ya nusu saa vijana wenye majembe walikuwa wameshachimba kijia cha bodaboda juu ya kifusi, na bei yake wameshaipanga. Wengine waliubeba mgongoni mzigo wa mtu mpaka upande wa pili kwa buku mbili. Mimi na mtoto mgongoni na matope yale, hapana.

Aliyeniuma roho ni dereva wa Fuso la nyanya aliyenasa upande wa juu. Alivuka kwa miguu kuja kutafuta mtandao, akasimama karibu na sisi akiongea na dalali wake wa Dar. Hakupiga kelele. Alisema, "Boss, nyanya zimeiva. Zimeiva, hazinisubiri." Akasikiliza. Akasema, "Basi sawa, hiyo hiyo." Nikajua bei imeshashuka gari likiwa halijaondoka. Na aliyelima nyanya zile yuko Lukozi huko, juu ya Lushoto, amelala, hajui kama kuna ukuta umeanguka Soni.

Nyumba ya wageni niliyopata ilikuwa safi, maji ya moto ya ndoo, chai ya maziwa, sina la kusema vibaya. Asubuhi kijiko kilifika, saa tano njia ikafunguliwa upande mmoja.

Mama mkwe wangu hakushangaa hata kidogo. Kwa Wasambaa habari za mvua na ardhi ni habari za utawala tangu zamani. Vuga haiko mbali na Soni, na ndiko walikokaa wafalme wa Kilindi, ukoo wa Mbega. Simba Mwene, ndivyo mfalme alivyoitwa, alihesabiwa kuwa na uwezo juu ya mvua: akishika nchi vizuri, nchi imepona, watawala wakigombana, nchi imeharibika. Baada ya mfalme Kimweri ye Nyumbai kufariki 1862, watoto na wajukuu waligombana kweli, na wazee wanakuhadithia njaa na vita vya enzi hizo kama habari moja. Halafu wakaja Waingereza. Mwaka 1946 walianza mpango wa kuokoa udongo kule bonde la Mlalo, watu wakalazimishwa kulima matuta kwenye miteremko. Watu waliyachukia matuta yale, kazi nyingi na shuruti juu, na kabla ya Uhuru yalikuwa yameshaachwa. Babu wa mume wangu aliyalima, na mpaka anakufa alikuwa akiona tuta anatema mate.

Ajabu ni kwamba kilichokubalika baadaye kinafanana nayo. Mradi wa SECAP wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ulioanza 1981 kwa msaada wa Wajerumani, ulileta majani ya Guatemala, yapandwe kwa mistari ya kukinga mteremko, ng'ombe afungwe bandani ale hayohayo. Mama mkwe anayo mpaka leo. Tofauti, anasema, ni kwamba tuta halikamuliwi maziwa. Mimi nikipita barabarani sasa natazama juu ya ukuta kabla ya kutazama lami: shamba lenye mistari ya majani, chini yake mtaro huwa na nafuu, shamba lililolimwa kutoka juu kwenda chini kama michirizi, hapo nashika kiti.

Soni yenyewe ina maporomoko yanayoonekana ukiwa njiani, na njia panda ya Bumbuli. Gari likisimama, madirisha yanajaa ndoo za matunda. Januari plamsi ni za kumwaga. Usinunue ndoo iliyopambwa juu, omba uone za chini, na mwenye ndoo ukimwita "mama" kwa heshima atakupangulia mwenyewe. Ukimwita "we muuzaji", utakula zilizobonyea.

Lushoto mjini ni pazuri, panajulikana, sitachosha watu. Wajerumani walipaita Wilhelmstal kwa jina la Kaisari wao, na ukiona baridi ya Julai utaelewa kwa nini walipapenda. Mahakimu wengi nchini wanaijua njia hii kwa sababu Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko hapo, na nimewahi kukaa siti moja na hakimu mtarajiwa aliyekuwa ameshika mfuko wa kaki mdomoni kwa hadhi yote. Ukiendelea juu unafika msitu wa Magamba, halafu njia za Lukozi, Mlalo na Mtae, ambako kijiji kimekaa ukingoni mwa genge na tambarare ya Mkomazi iko chini yako kama ramani. Huko juu tega sikio sokoni. Wambugu wana lugha yao, Kima'a, ambayo sarufi yake ni ya Kibantu na maneno yake mengi ni ya Kikushi, na wanalugha wameigombania kwa miaka mingi. Nilidhani nasikia Kisambaa kibovu. Mume wangu alinikanyaga mguu.

Kushuka ni habari nyingine. Muda ni uleule, lakini miguu yako inakanyaga breki isiyokuwepo njia nzima. Dereva mzuri utamjua: anashuka na gia namba mbili, injini inalia, breki anaigusa tu. Ukisikia gari limetulia kimya na harufu ya mpira ulioungua inapanda, mwambie konda asimamishe, breki zipoe. Usione haya. Nimewahi kusema, abiria watatu wakaniunga mkono, dereva akanuna mpaka Mombo, lakini tulifika.

Nyota nne kwa barabara: inapitika mwaka mzima isipokuwa siku chache, madereva wana adabu, watu wa kandokando wanakusaidia kabla hujaomba. Nyota moja kwa mitaro, na hiyo moja ni ya mzee wa kibanda. Ukipanda Aprili, ondoka Dar alfajiri ili Mombo usipite saa nane, jaza chaji kwenye simu, na uwe na kitenge kizito karibu na mkono, si ndani ya begi juu ya keria. Soni usiku ni baridi, na kitanda kina blanketi moja.