Orientesheni ya chuo naipa nyota tatu, ndoo ya mama naipa tano

Chuo sikitaji. Kipo Dar es Salaam, na kwa ninavyosikia kwa wenzangu wa vyuo vingine, mambo hayapishani sana. Nilipokelewa mwaka wa masomo 2023/24. Naandika kwa ajili ya mdogo wangu na wengine watakaoripoti, maana mimi nilipotafuta mtu wa kunieleza siku ya orientesheni, yaani ya kuwapokea wanafunzi wapya, inakuwaje niliambulia picha za watu wamesimama kwenye bango la chuo wakicheka.

Natoka Njombe. Basi liliondoka alfajiri, likanishusha Stendi ya Magufuli pale Mbezi jua likizama, nimevaa sweta. Sweta, Dar es Salaam, mwezi wa kumi na moja! Nikalala kwa mama mdogo Kimara, na asubuhi nikapanda mwendokasi na begi moja pamoja na ndoo ya lita 20 yenye kifuniko. Hiyo ndoo nilimbishia mama mpaka stendi. Nikamwambia chuo kikuu hakiendwi na ndoo, akasema, "Mwanangu, bomba likikauka halitakuuliza unasoma shahada gani." Nikaibeba nimenuna.

Tangazo lilisema tufike saa 2 asubuhi. Saa 1 na nusu foleni ilishapita miembe na kukunja kona. Wenzangu wamesimama, mimi nimekaa juu ya ndoo. Kufika saa 4, dada mmoja wa Tabora aliyekuwa nyuma yangu aliomba tukalie kwa zamu, na huyo ndiye rafiki yangu mpaka leo.

Kilichonikera ni mpangilio. Siku yenyewe imepangwa kwa kufuata ofisi zao, wala si mahitaji ya mtu aliyeshuka jana kwenye basi. Meza ya kwanza ni vyeti: halisi vya kidato cha nne na sita, cha kuzaliwa, barua ya udahili, fomu ya afya iliyojazwa na daktari. Ya pili malipo. Ya tatu bima ya afya, ambayo kwangu ilikuwa 50,400. Ya nne picha ya kitambulisho. Chumba, yaani ile meza ambayo ingekupa mahali pa kutua begi, ni ya mwisho kabisa. Kwa hiyo watu wazima karibu mia tatu wanazunguka na mizigo kutwa nzima kama wakimbizi, mpaka ukumbini.

Kwenye malipo nilikwama. Kontroli namba, ile namba ya malipo ya ada, nilishailipia usiku kwa simu, ujumbe ninao, ila kwenye kompyuta yao mimi ni mdaiwa. "Mtandao unasumbua, kaa pembeni." Pembeni nilikaa saa nzima na ushee. Aliyenitoa hapo ni kijana mwenye kitambaa cha kujitolea mkononi na ndevu nyingi. Nikamwamkia shikamoo kwa heshima zote, akacheka mpaka akashika kiuno: "Dada, mimi mwaka wa pili tu." Akaniambia nichapishe risiti, wapokee karatasi, mtandao utajijua. Nikatoka hadi steshenari ya getini, ambako siku hiyo bei ya kopi ilikuwa mara mbili ya niliyoikuta wiki iliyofuata. Toeni kopi nyumbani. Tatu tatu za kila kitu, na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne uijue kwa kichwa, maana Bodi ya Mikopo ya wanafunzi inakutambua kwa hiyo kuliko kwa jina lako.

Ukumbini tuliingia saa 5 na kitu. Hotuba za ufunguzi sina la kusema, ni hotuba. Ila msisinzie wakati wote, kwa sababu katikati ya usingizi huo kulikuwa na mambo mawili ya kweli.

La kwanza ni mhadhiri mmoja mama, mfupi, aliyekataa kipaza sauti na kuchora ubaoni. Alichora alama za masomo: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Akaonyesha kila somo linavyozidishwa kwa uzito wake kabla ya kugawanya, na kwamba GPA, yaani wastani wa alama zako zote, ya 4.4 kwenda juu ndiyo daraja la kwanza, 3.5 mpaka 4.3 daraja la pili la juu. Kisha akauliza nani anapanga kuzoea mazingira mwaka wa kwanza na kuanza kusoma mwaka wa pili. Mikono ikanyooka, tena kwa kicheko. Akapiga hesabu ya mtu mwenye 2.4 mwaka wa kwanza, akatuonyesha anachotakiwa kupata miaka inayobaki ili afikishe 3.5. Kicheko kikakata. Sisi tuliotoka JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, tumezoea filimbi: amka, kimbia, kula, lala. Huyu mama alikuwa anatuambia filimbi imeisha, lakini hesabu inaendelea kuhesabiwa.

La pili ni afisa wa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, aliyezungumzia rushwa ya ngono. Sikutarajia waseme waziwazi kiasi kile mbele ya wahadhiri wenyewe: kwamba ni kosa la jinai, kwamba ujumbe wa simu usiufute, na kwamba kuna pa kupeleka taarifa nje ya chuo. Ukumbi ulinyamaza kuliko tulivyonyamaza kwenye wimbo wa taifa. Kwa hilo peke yake nyota moja nzima.

Bodi ya Mikopo walipewa dakika chache na maswali yakawa ni lile moja: bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, linatoka lini? Wakajibu kwamba ni baada ya kukamilisha usajili na kusaini, hela ya chakula na malazi ikihesabiwa 10,000 kwa siku. Tafsiri yake kwa mgeni ni kwamba wiki za mwanzo unaishi kwa hela ya nyumbani. Hilo walipaswa kuliandika kwenye barua ya udahili, kwa herufi kubwa.

Ziara ya maktaba iliwekwa saa 10 jioni, wakati watu wote wamekimbilia meza ya vyumba. Tulikwenda kumi na mmoja. Mkutubi akatuonyesha namna ya kuingia kwenye majarida ya mtandaoni, halafu, kama mtu anayetoa siri, akafungua kabati la mitihani ya miaka iliyopita. Miezi miwili baadaye nikaona wenzangu wananunua mitihani ileile pale getini kama madesa, zile notisi za kopi, kwa pesa, yenye kurasa zilizorukwa.

Chumba nilipata saa 12 na nusu jioni. Wengine hawakupata. Yule wa Tabora alikuwa mmoja wao, nikambeba, yaani nikamlaza kitandani kwangu, mpaka alipopata nafasi Januari. Kitanda cha futi mbili na nusu, mmoja analala kichwa huku, mwenzake kule. Sheria inakataza, na sheria hiyo tulisomewa ukumbini asubuhi hiyohiyo.

Maji yalikatika siku ya tatu. Bweni zima likaja kuazima ndoo, na mimi nikampigia mama simu nikamwambia ubishi wangu ulikuwa wa bure. Hakusema kitu, alicheka tu. Kifuniko kilipasuka wiki ya tano, katikati ya foleni ya kusaini bumu. Aliyekuwa amekikalia ni yule kijana wa ndevu.