Njia imefungwa, ila utembee kwanza ndiyo ujue

Hasira hazijaisha, kwa hiyo mnivumilie. Wiki kadhaa zilizopita nilimpeleka mama kwenye hifadhi ya pembezoni mwa mji, ile yenye msitu na kinamasi. Mama anaumwa magoti, anatembelea fimbo. Ndiyo maana getini nilimuuliza kijana wa zamu, tena mara mbili: "Njia ya mzunguko inapitika yote?" Akajibu "inapitika" macho yakiwa kwenye simu.

Msituni sina neno, kivuli tele na njia imefagiwa. Shida ni daraja la mbao linalokatiza kinamasi. Mbao za kivulini zimeota ukungu wa kijani, zinateleza kama sabuni, na hakuna aliyejisumbua kupigilia hata waya wa kuku juu yake ili mguu ushike. Mama akawa anaweka fimbo, anaijaribu, ndipo avute mguu. Karibu saa nzima hivyo. Tunafika kona ya mwisho, geti la kutokea tunaliona kabisa ng'ambo ya matete, tunakuta kamba. Kamba ya manila, nguzo hadi nguzo, na karatasi iliyolowa mvua hadi wino ukachuruzika. Kilichosomeka ni "IMEFU" basi. Nyuma yake mbao tatu hazipo, na chini ni tope jeusi linalonuka mayai viza.

Harufu siilaumu. Tope la kinamasi halina oksijeni, na bakteria wanaoishi humo ndio wanaotoa gesi ile. Ndivyo vinamasi vilivyo. Ninayoilaumu ni karatasi. Ilishindikana nini kuibandika getini?

Tukageuza. Njiani mama akaomba apumzike, akaketi ukingoni mwa daraja, na muda si muda akaniita kwa kunong'ona. Kwenye tete moja, kama shibiri kutoka majini, kereng'ende alikuwa anatoka kwenye gamba lake. Gamba limepasuka mgongoni, mwenyewe amepauka, mabawa yamejikunja kama kitambaa kilichotoka kukamuliwa. Hawa utotoni huishi majini miezi, wengine hata miaka, halafu siku moja wanapanda juu. Tulikaa pale hadi mabawa yakanyooka, yakaanza kung'aa. Mama hakutaja magoti hata kidogo. Nami, nikiri tu, nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota nne.

Tunafika getini, yule yule kijana: "Mbona mmerudi huku? Kutokea ni kule."

Nikamwambia kule kumefungwa.

"Aa, pale pamefungwa muda sasa. Si mngeuliza?"

Nyota moja. Mama anasema tatu, eti kijana ni mtoto tu, na ameshaniuliza tunarudi lini. Huenda tukarudi. Lakini safari hiyo yeye atanisubiri kwenye benchi la msituni, mimi nitangulie peke yangu nikaone kama kamba bado ipo.